Redio ya kaseti kwenye Corolla ya zamani: kicheza muziki nikipitishie njia gani?

MsafiriWaUsoke

Ndugu zangu, habari za wakati huu. Ninaishi Tabora mjini, na kwa sababu ya kazi yangu ya kununua asali huwa ninakwenda Urambo na Kaliua mara mbili au tatu kwa mwezi, safari ambayo hadi Urambo peke yake inazidi kilomita 90. Ninaendesha Toyota Corolla iliyotengenezwa mwaka 1998 kwa soko la Japani, na redio yake ni ileile iliyotoka nayo kiwandani. Ina deki ya kaseti na mlango wa CD, lakini haina tundu la AUX, yaani la kuingizia sauti kwa waya kutoka kifaa kingine, haina tundu la fleshi, wala Bluetooth.

Nina kicheza muziki kidogo cha memori kadi, kile chenye ukubwa wa kiberiti, ambacho kina tundu la hedifoni la milimita 3.5 na hakina kingine cha kujivunia. Humo nimeweka nyimbo za kwaya aliyoiongoza marehemu baba, ambazo nilizihamisha kutoka kwenye kanda zake kabla hazijaharibika zote. Mbili zilikwisha kuliwa na deki ya gari hili hili, na ndiyo maana hadi leo siiamini.

Mwezi uliopita nilinunua transmita ndogo ya FM inayochomekwa kwenye tundu la kiwashio cha sigara. Muuzaji aliiwasha, ikaonyesha 98.5, akaniambia niende tu nikaitafute namba hiyo kwenye redio. Niliitafuta hadi nikachoka, kwa kuwa redio yangu ikifika 90.0 inarudi kuanza 76.0. Kijana anayeniosheaga gari ndiye aliyenishauri niishushe transmita hadi 88.3, na hapo sauti ikatoka. Furaha hiyo haikudumu. Nikiwa mjini nyimbo zinaingiliwa na matangazo ya kituo kingine, kwaya inaimba huku mtu anasoma bei ya mahindi. Na nikichomeka waya wa kuchajia kicheza muziki kwenye tundu la USB la transmita hiyohiyo, unatokea mluzi mwembamba unaopanda ninapokanyaga mafuta na kushuka ninapoachia, mfano wa mbu aliyenasa ndani ya chandarua.

Ninachoomba kufahamishwa ni hiki: je, tatizo ni transmita niliyouziwa, ni redio, au ni mimi? Na kama transmita si njia nzuri, je, nitumie zile kaseti zenye waya, nimwite fundi atoboe redio aweke AUX, au ninunue redio mpya kabisa? Ningependa dashibodi ibaki kama ilivyo, kwa kuwa gari hili nimelitunza.

FundiRedioUjiji

Ndugu msafiri, nianze na hilo la namba, kwa sababu linawasumbua watu wengi kuliko wanavyokiri. Redio za magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya Japani zinapokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali huku kwetu vituo vinatangaza kati ya 87.5 na 108. Wajapani hawakufanya hivyo kwa ukaidi: juu ya 90 walikuwa wameweka chaneli za televisheni, na eneo hilo lilianza kuwa wazi baada ya televisheni za analojia kuzimwa katika sehemu kubwa ya nchi yao mwaka 2011. Gari la 1998 halijui habari hizo. Kwa hiyo transmita yako na redio yako zinakutana kwenye kipande chembamba sana, 87.5 hadi 90.0, na kituo chochote cha mji wako kilichopangiwa humo kinakupunguzia nafasi ambayo tayari ni finyu.

Kabla hujaendelea, chunguza kama gari lako lina ekspanda, yaani kile kisanduku kidogo ambacho mafundi hukiunga kwenye waya wa antena, nyuma ya redio, ili kushusha masafa ya vituo vya huku yaingie kwenye namba za Kijapani. Njia rahisi ya kujua ni kusikiliza kituo ambacho unajua namba yake halisi. Kama kinatangaza 100.0 nawe unakisikia kwenye 88.0, basi umefungiwa ekspanda inayoshusha megahezi 12, na hapo hesabu yote inabadilika: transmita unaweza kuiweka 99.5 na ukaisikiliza kwenye 87.5. Kwa maelezo yako nadhani huna, kwa sababu 88.3 imekutana na 88.3 moja kwa moja.

Sasa kuhusu kuingiliana. Transmita hizi zimetengenezwa ziwe dhaifu kwa makusudi. Uingereza, kwa mfano, zilikuwa zimepigwa marufuku hadi Desemba 2006, zikaruhusiwa kwa sharti kwamba nguvu yake isizidi nanowati 50, ili mtu asije akamfunika jirani yake barabarani. Redio ya FM nayo ina tabia moja: ikipokea mawimbi mawili kwenye namba moja, hulishika lenye nguvu zaidi na kulisukuma lingine pembeni karibu lote. Kinachokutokea wewe, cha kwaya na bei ya mahindi kusikika pamoja, maana yake ni kwamba mawimbi hayo mawili yanakaribiana nguvu na redio inayumba katikati. Huwezi kuiongezea transmita nguvu, lakini unaweza kukipunguzia kituo. Kama antena yako ni ile ya kuvuta kwenye nguzo ya kioo cha mbele, isukume ndani yote unapokuwa mjini. Kituo kitafifia, nayo transmita iliyo mita moja kutoka kwenye waya wa antena haitaathirika sana. Usishawishike na zile transmita kubwa zinazosifiwa kwamba zinasikika mtaa mzima, kwa kuwa masafa ya redio hapa nchini yanasimamiwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na hayagawiwi kwenye vibanda vya vifaa vya simu.

Huku kwetu ziwani tuna shida kuliko yenu. Jioni, gari likiwa limeelekea majini, redio inajaa vituo vya Burundi na vya ng'ambo ya Kongo, kiasi kwamba namba niliyoiona tupu nikiwa Ujiji sokoni naikuta ina mtu anaongea Kirundi kabla sijafika Kasulu. Wewe ukishavuka Ndono kuelekea Usoke, katikati ya miombo, utaona transmita hiyohiyo imetulia kama kifaa kingine. Haikubadilika, wenye kelele ndio waliobaki mjini.

MsafiriWaUsoke

Nimeshukuru sana, fundi. Antena ni ya kuvuta kweli. Nimeisukuma ndani leo nikiwa karibu na stesheni ya reli, na yule msoma bei ametoweka kwa asilimia kubwa, ingawa bado kuna mchakacho wa chini kwa chini ambao unasikika zaidi pale kwaya inaponyamaza kuvuta pumzi. Mluzi umebaki palepale. Je, kaseti yenye waya ingekuwa na nafuu?

MwalimuMstaafu

Mwanangu, ninaandika kutoka Nzega, na kaseti hiyo nimeitumia kwenye Carina yangu kwa zaidi ya miaka kumi, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Kwanza ufahamu kilichomo ndani yake. Niliifungua ya kwanza kwa bisibisi ya saa, nikitarajia kukuta kanda, nikakuta hakuna kanda kabisa: kuna gia nne ndogo za plastiki nyeupe, waya mwembamba, na kipande cha chuma kinachong'aa ambacho kimekaa mahali ambapo kanda ingepita. Kipande hicho ni hedi, ndugu wa ile hedi iliyomo ndani ya deki, ila hii haisomi bali inasomwa. Muziki unaingia kupitia waya, unageuka sumaku inayopanda na kushuka, na hedi ya deki, ambayo haina habari kwamba imedanganywa, inaisoma sumaku hiyo kama vile inasoma kanda. Sauti haipiti hewani hata kidogo, kwa hiyo hakuna kituo cha kuiingilia, na ule mchakacho wa pumzi unaousema utapungua sana.

Umesema huiamini deki kwa sababu ilikula kanda mbili. Kwa kaseti hii ondoa hofu, maana haina kanda, hivyo hakuna cha kuliwa. Tena kuna faida ambayo wengi hawaitambui: deki iliyochoka, ambayo mkanda wake wa mpira umelegea hadi waimbaji wanasikika kama wanaimba usingizini, itakupigia muziki kwa kasi iliyo sahihi kabisa, kwa sababu kasi sasa inatoka kwenye kicheza muziki, si kwenye mota ya deki.

Hata hivyo mota lazima izunguke. Redio nyingi za Toyota za miaka hiyo zinageuza upande wa kanda zenyewe, na zinajua kwamba upande umekwisha pale kijiti cha kukunjia kanda kinapoacha kuzunguka. Gia za kaseti yako zikikwama, redio itadhani upande wa kwanza umekwisha, itageuza. Itadhani wa pili nao umekwisha, itageuza tena. Utasikia kacha, kacha, kacha, kila baada ya sekunde chache, na mwisho itaitema. Yangu ilinifanyia hivyo nikiwa njiani kuja Tabora kwenye msiba, siku ambayo sikuwa na subira ya kutosha. Niliporudi niliifungua, nikakuta jino moja la gia limeng'oka. Kwa hiyo unaponunua, tia kidole au kalamu kwenye tundu moja uzungushe, uone kama tundu la pili linazunguka nalo bila kugoma. Usikubali kununua iliyofungwa kwenye karatasi ngumu ambayo muuzaji hataki uifungue.

Ikiingia, na ukasikia sauti ya mbali kana kwamba kwaya iko chumba cha pili, usiilaumu upesi. Bonyeza kitufe cha kugeuza upande mara moja, kwa sababu hedi ya kaseti hizo nyingi inafaa upande mmoja tu. Angalia pia kama taa ya Dolby inawaka, uizime. Mtambo ule ulikusudiwa kupunguza mchakacho wa kanda zilizorekodiwa kwa mtindo huo, na nyimbo zako hazikupitia huko, hivyo utakachopata ni sauti iliyofunikwa blanketi. Halafu safisha hedi ya deki. Chukua kijiti cha pamba cha masikio, kichovye kwenye spiriti, usugue taratibu kile chuma kinachong'aa na gurudumu la mpira lililo pembeni yake, kisha acha dakika kadhaa pakauke. Deki iliyokula kanda mbili haijawahi kuoshwa, hilo ninakuapia.

Jambo la mwisho, usiiache kaseti juu ya dashibodi jua la Oktoba. Ya tatu niliipoteza hivyo, ilipinda kama chapati.

DerevaFuso

Nawaheshimu walionitangulia, lakini naona mnamzungusha ndugu yetu. Redio mpya yenye USB, Bluetooth na AUX siku hizi si kitu cha kuuza ng'ombe, na mambo ya gia za plastiki, hedi na spiriti yanakwisha siku hiyohiyo. Mimi kwenye lori nimeweka, nasikiliza kutoka Kaliua hadi Uvinza bila kugusa kitu.

Sitaficha kwamba nilianza vibaya. Lori langu ni la volti 24, redio niliyonunua ni ya volti 12, na fundi niliyempata aliona njia ya mkato: betri ziko mbili, kila moja ni ya volti 12, basi akaniungia redio kwenye betri moja tu. Ilipiga vizuri kwa miezi michache. Kumbe betri ile moja ilikuwa inanyonywa na redio na haipati chaji ya kutosha, huku mwenzake akipewa chaji kupita kiasi hadi maji yakawa yanachemka, na mwisho nikazinunua zote mbili upya. Sasa nimefunga kipunguza volti cha 24 kwenda 12. Kwa Corolla hili halikuhusu, nimelisema kwa ajili ya wenye malori wanaosoma.

FundiRedioUjiji

Ndugu dereva, hukukosea, na hilo la betri ni funzo ambalo nalikuta kwenye karakana mara kwa mara. Ila mwenye gari ametuambia dashibodi ibaki kama ilivyo, na hapo ndipo redio mpya inapoleta mjadala. Nafasi ya redio ya Toyota za Japani ina upana wa milimita 200 na kimo cha milimita 100, ilhali redio nyingi mpya zina upana wa kama milimita 178. Ukiipachika bila vipande vya pembeni, unabaki na mianya miwili inayoingia kidole, na vumbi la huku mnalijua. Akiamua kununua, basi atafute ya milimita 200, na adai waya wa kuunganishia wenye plagi za Toyota, ile ya pini 10 na ile ya pini 6, zichomekane na zilizo kwenye gari bila kukata hata waya mmoja. Fundi anayeanza kazi kwa kushika koleo la kukatia, mwombe akurudishie ufunguo wako.

DadaWaSaketi

Habari zenu. Mimi ni fundi wa vifaa vya umeme hapahapa Tabora, na ningependa kuongeza mambo mawili ambayo hayajaguswa: huo mluzi, na hilo wazo la kutoboa redio.

Mluzi hautoki kwenye transmita wala hautaondoka kwa kubadilisha namba. Unatoka kwenye altaneta, ile mashine inayozungushwa na injini kuchaji betri, na ndiyo maana unafuata mguu wako kwenye mafuta. Kicheza muziki chako, kinapochajiwa huku kimeungwa na waya wa sauti, kinakuwa kimefungwa kwenye hasi ya gari kwa njia mbili: moja kupitia waya wa chaji, nyingine kupitia waya wa sauti. Njia hizo mbili zinafanya mzunguko, na mtetemo wa umeme wa altaneta unapita humo pamoja na muziki. Jaribio lake ni la bure: injini ikiwa inanguruma, chomoa waya wa chaji peke yake, uache wa sauti. Mluzi ukikata hapohapo, mshitakiwa amepatikana. Dawa ya kwanza ni kukichaji kicheza muziki nyumbani, au kukichaji kwa pawabenki ambayo yenyewe haijachomekwa kwenye gari. Dawa ya pili ni kifaa kidogo chenye transfoma mbili ndani, kinachowekwa katikati ya waya wa sauti, ambacho kinapitisha muziki lakini kinatenganisha hasi. Kuna watu watakuuzia chujio la kuweka kwenye waya wa umeme wa redio. Lina kazi yake, ila kwa mluzi wa aina yako utakuwa umetibu jino kwa dawa ya mguu.

Na zingatia kwamba ukihamia kwenye kaseti ya Mwalimu huku ukiendelea kuchaji kwenye tundu la sigara, mluzi unaweza kuhama nawe.

Sasa kutoboa redio. Inawezekana, lakini si kama wengi wanavyofanya. Nimeletewa simu na vicheza muziki vilivyokufa kwa sababu mtu alichukua waya wa hedifoni akaunganisha moja kwa moja na nyaya za spika. Kwenye redio za gari za aina hii nyaya zote mbili za spika zinabeba umeme wa karibu nusu ya volti za betri, yaani kama volti 6, hata muziki ukiwa kimya, na hakuna hata mmoja kati yake ulio hasi. Ukiupeleka umeme huo kwenye tundu la hedifoni, unategemea nini? Mahali sahihi ni ndani ya redio, baada ya amplifaya ndogo ya deki na kabla ya saketi ya kurekebisha sauti, kila upande ukipitia kapasita yake ili umeme mnyoofu usivuke. Tena redio haitafungua njia hiyo mpaka iamini kwamba kuna kaseti inachezwa, kwa hiyo utalazimika kuweka kaseti tupu izunguke ndani. Ukishafika hapo unajiuliza kwa nini hukununua yenye waya tangu mwanzo.

Lile soketi la nyuma la kuungia kibadilisha CD, yaani kisanduku cha pembeni kinachobeba diski kadhaa, ambalo baadhi ya redio za Toyota za miaka hiyo zinalo, nalo linatamanisha kwa sababu lina nyaya za sauti zilizo wazi kabisa. Lakini redio haiifungui njia hiyo mpaka isikie kibadilisha CD kikiongea nayo kwa lugha yao, na hapo unahitaji kisanduku cha kuigiza maongezi hayo. Vipo vya kuagiza. Kwa mahitaji ya kicheza muziki kimoja cha memori kadi, mimi nisingejisumbua.

Kama nilivyoelewa, deki yako inazunguka na antena yako imekuonyesha mipaka ya transmita. Kwa hali hiyo ningenunua kaseti yenye waya na pawabenki ndogo, na transmita ningeiacha kwenye droo ya gari kwa siku ambayo deki itagoma. Kiwango cha sauti kiweke hivi: kicheza muziki kwenye robo tatu, ongezea kwenye redio. Ukikijaza hadi mwisho sauti itapasuka, na ukikipunguza sana utalazimika kuipandisha redio, utapandisha na kelele zake pia. Zima vilevile ile nyongeza ya besi kwenye kicheza muziki, kwa kuwa redio ina yake.

MwalimuMstaafu

Binti amenifundisha, hilo la kuzima besi sikuwa nalijua, na kumbe ndilo lililokuwa linanitetemesha milango. Ndugu msafiri asisahau pia ule mlango wa CD alionao. Akiandika diski kama CD ya muziki ya kawaida, si kama diski ya mafaili ya MP3, deki ya 1998 ina uwezekano wa kuisoma, ila atapata dakika 80 tu kwa diski ya megabaiti 700, na zile diski za kufutika azikwepe.

MsafiriWaUsoke

Shikamoo Mwalimu, na ninyi wengine wote nawashukuru. Imepita wiki mbili na nimeona si vizuri kunyamaza.

Jaribio la kuchomoa waya wa chaji nililifanya nikiwa nimeegesha nje ya nyumba, injini inanguruma, mke wangu akikanyaga mafuta. Nilichomoa, mbu akafa. Nilichomeka, akafufuka. Tulirudia mara nne kwa sababu tulikuwa tunafurahia.

Kaseti niliipata kwenye kibanda cha pili, baada ya kibanda cha kwanza kukataa nisizungushe kwa kalamu. Kabla ya kuiweka nilisafisha hedi kama nilivyoelekezwa, na pamba tatu za mwanzo zilitoka na rangi ya udongo wa kichuguu. Ya nne ndiyo iliyotoka nyeupe. Deki iliipokea, ikacheza kwa sekunde kumi, ikageuza, sauti ikawa ya chumba cha pili. Nilibonyeza kitufe, ikarudi, na tangu hapo haijageuza tena. Taa ya Dolby ilikuwa inawaka, na inaelekea iliwaka miaka yote hiyo bila mtu kuiuliza. Kicheza muziki nimekilaza kwenye kisanduku cha katikati pamoja na pawabenki, na sasa hakuna kilichochomekwa kwenye tundu la sigara.

Jumamosi nilikwenda Urambo. Nyimbo zilianza kupita hapo Ndono, na kwenye wimbo wa tatu, kabla waimbaji hawajaanza, nilimsikia baba akikohoa, akigonga meza mara mbili kwa kidole na kusema "haya" kwa sauti ya chini. Kwenye transmita kipande hicho kilikuwa ni mchakacho mtupu, na sikujua kwamba kimo. Nilikirudisha nyuma nikakisikiliza tena hadi nikapitiliza Usoke, ambako nilikuwa na mtu wa kumpakia.

Kilichobaki ni mlio wa gia, tiki tiki tiki, ambao kwenye nyimbo za polepole unajitokeza. Nitaifungua nione kama tone la grisi litausaidia, na Mwalimu kama una aina unayoipendekeza ambayo haili plastiki, naomba uniandikie.